Kuziba shubaka kwenye ukuta wa mawe wa zamani, Isamilo: nitumie nini ili plasta isibanduke?

MjukuuWaIsamilo

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Tumerithi nyumba ya babu iliyoko kwenye mteremko wa Isamilo, hapa Mwanza. Imejengwa kwa mawe ya itale yaliyopasuliwa palepale kilimani, na kuta zake zina unene wa takribani sentimita 50. Katika chumba cha nyuma, upande unaoelekea mlimani, kuna shubaka kubwa lenye upana wa sentimita 110, kimo cha sentimita 190 kuanzia sakafuni na kina cha sentimita 22. Zamani lilikuwa na rafu za mbao ambazo mchwa wamezimaliza. Mama anahamia kwetu kutoka Magu na ningependa kitanda chake kikae upande huo, kwa hiyo nimeazimia kuliziba na kulipiga plasta ili liwe sawa na ukuta.

Fundi niliyemwita alishauri tuweke tofali za saruji za inchi 6, nyuma yake tujaze zege, mbele tupige plasta ya saruji moja kwa mchanga tatu, kisha tulainishe kwa jipsamu. Ningekubali bila kuuliza, ila sehemu nyingine ya ukuta huohuo ilipigwa plasta ya namna hiyo miaka michache iliyopita, na leo ukiigonga inalia kama debe tupu. Vipande vyake vinadondoka vikubwa kama sahani, na nyuma yake kuna unga mweupe. Naomba kujua kosa lilikuwa wapi, na kama kuna njia nyingine ya kuliziba shubaka hili kabla sijanunua chochote.

MzeeWaMwiko

Marahaba mjukuu. Umefanya vema kuuliza kabla ya kununua.

Chukua nyundo ndogo na tindo, uende mahali ambapo plasta imekwisha kudondoka, ukwangue kiungo kati ya mawe mawili kwa kina cha vidole viwili. Ukikuta udongo unaosagika mkononi, basi nyumba yako imejengwa kama nyingi za umri huo huku kwetu, yaani mawe yamelazwa kwenye udongo, mara nyingi wa kichuguu, na viungo vya nje vikafunikwa kwa kitu kigumu kidogo. Kumbuka kwamba kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ililetwa kutoka nje, ikasafiri kwa reli au kwa meli za ziwani hadi kutufikia, na mwashi mwenye akili hakuimwaga ndani ya ukuta wa nusu mita pale ambapo udongo ungetosha.

Ukuta wa namna hiyo hauna kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini au hupenya kutoka nje, hupita kwenye udongo wa viungo, kisha hutoka kwa kukauka kwenye uso wa ukuta. Jiwe la itale lenyewe halinywi maji ya kutosha hata kuhesabiwa, kwa hiyo njia iliyobaki ni viungo peke yake. Ukivifunika kwa plasta ya moja kwa tatu, maji hayaachi kuja. Yanakaa kati ya plasta na jiwe, na chumvi yaliyoibeba kutoka ardhini inaganda hapo na kuisukuma plasta nje. Huo ndio unga mweupe uliouona. Ongeza na hili, kwamba plasta yenye saruji nyingi husinyaa kwa nguvu inapokauka, na jiwe la itale, kwa kuwa halinyonyi, haliishiki kama tofali ya kuchoma inavyoishika. Plasta yako haikuwa dhaifu; ilikuwa ngumu kuliko ukuta ulioibeba.

Kwa hiyo usijaze zege humo. Tumia tofali za kuchoma, zilizoiva vizuri, zinazolia zikigongwa, nawe uzilaze kwa chokaa na mchanga. Shubaka lako lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.46, na ukilijaza tofali litabeba uzito wa takribani tani 0.8. Uzito huo lazima ukae juu ya mawe ya msingi, wala si juu ya sakafu iliyomwagwa baadaye. Vunja kipande kidogo cha sakafu pale chini ya shubaka uone kilichopo.

Kabla ya tofali ya kwanza, tazama lenta, yaani boriti iliyolala juu ya shubaka na kubeba mawe ya juu yake. Kwa shubaka la umri huo huenda ni ubao, na mchwa waliokula rafu hawakuwa na sababu ya kuiacha. Ichome kwa bisibisi sehemu tatu au nne, hasa kwenye ncha mbili zinazoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, simamisha kazi, egemeza kwa mirunda, ubadilishe lenta kwanza. Nimewahi kuona mtu aliyeng'oa fremu kuukuu kwa haraka, na mawe matatu yakamfuata. Alinusurika kwa sababu alikuwa amekwenda kuchukua maji.

Kisha safisha. Ondoa plasta yote iliyolegea, fagia vumbi, kwangua viungo kwa kina cha sentimita 2 au 3, nyunyizia maji. Loweka tofali kabla ya kulaza, kwa maana tofali kavu hufyonza maji ya chokaa ikaachwa kama unga. Kila baada ya mistari mitatu au minne toa mawe madogo ya kujazia pembeni mwa shubaka, uingize tofali nusu humo, ili kazi mpya na ya zamani zing'atane kama meno. Usipandishe zaidi ya mistari mitano au sita kwa siku, kwani chokaa haikauki kwa pupa. Ukifika chini ya lenta acha mwanya wa sentimita 2, uzibe wiki mbili baadaye, tofali zikishatulia.

Kuhusu plasta tutazungumza ukishaniambia ulichokikuta ndani ya viungo. Na jipsamu uiweke mbali kabisa na ukuta wenye unyevu.

KijanaWaNyakato

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mimi nimefanya kazi za ujenzi kwa miaka kumi na sikubaliani na wewe kuhusu chokaa. Plasta ya saruji hubanduka kwa sababu mafundi wengi hawamwagilii maji baada ya kupiga, na wanatumia mchanga mchafu. Ikifanyiwa haki yake, saruji hudumu. Chokaa ya mfuko inayouzwa madukani ni ya kupaka ukutani, nayo ukiigusa inakuachia weupe mkononi. Nani atakubali kuegemeza kitanda hapo? Tena wanaotumia mchanga wa ziwani wasishangae kuona chumvi, kwa sababu imo ndani ya mchanga.

BintiWaUnguja

Assalaam alaykum. Nimeshiriki ukarabati wa nyumba kadhaa za Mji Mkongwe, na ningependa kumwunga mkono mzee kwa yale tuliyoyaona huku. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na palipopigwa saruji juu yake unyevu umejifungia ndani, chokaa ya ndani ikawa tope, na plasta ikaanguka pamoja na ngozi ya jiwe. Sisi huiloweka chokaa kwa muda mrefu kabla ya kuitumia, na kadiri inavyokaa majini ndivyo inavyokuwa laini na kushika vizuri. Ningemshauri ndugu yetu apige plasta ya chokaa moja kwa moja juu ya jiwe, tabaka mbili, kama tufanyavyo.

MzeeWaMwiko

Nianze na wewe kijana, maana umesema kweli nusu. Ni kweli kwamba plasta nyingi hufa kwa kukosa maji siku za mwanzo, na ni kweli kwamba mchanga mchafu huua kazi. Lakini Ziwa Victoria ni maji baridi, mwanangu, hayana chumvi ya baharini. Hilo ni onyo la watu wa pwani ambalo limepanda treni likaja mpaka huku. Ubaya wa mchanga wa ufukweni mwa ziwa ni kwamba mara nyingi ni mwembamba, chembe zake ni za mviringo na zinalingana, kwa hiyo haziumani. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo usimtume mtu akuchotee huko usiku. Tafuta mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na ndogo zikiwa pamoja. Tia kiasi kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, uache utulie hadi kesho yake. Tope linalokaa juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya kimo cha mchanga, uoshe au urudishe.

Binti yangu, waalaykum salaam. Sina la kupinga kuhusu chokaa, ila tofauti moja ni kubwa. Jiwe la matumbawe ni laini na lina vitundu, linakunywa maji ya plasta na kuivuta kwake. Itale ni kama sahani ya kigae. Ukipiga plasta nene ya chokaa juu yake moja kwa moja, itateleza chini ikiwa mbichi, na fundi ataulaumu mkono wake. Huku kwetu hutangulia tabaka jembamba la milimita 3 hadi 5, la chokaa na mchanga wa chembe kubwa, linalorushwa kwa mwiko kwa nguvu na kuachwa na mikwaruzo yake bila kusawazishwa. Likishashika ndipo tabaka la pili lipate pa kung'ang'ania. Viungo vilivyokwanguliwa navyo husaidia kuliko jiwe lenyewe.

Kwa kulaza tofali chini karibu na sakafu, mimi huongeza saruji kidogo, sehemu moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga, kwa sababu chokaa peke yake kwenye sehemu yenye maji maji huchelewa mno kushika. Wako wataalamu wasiopenda mchanganyiko huo hata kidogo. Kwenye plasta, hata hivyo, sitii saruji.

MjukuuWaIsamilo

Nashukuruni sana. Mwisho wa wiki nimefanya kama mzee alivyoelekeza, na naomba nieleze nilichokikuta.

Viungo ni udongo mwekundu, unasagika. Karibu na sakafu umelowa kabisa, unaweza kuufinyanga. Lenta ni ubao mzito mweusi, na bisibisi haikuingia zaidi ya milimita chache popote, hata kwenye ncha; mchwa walikula rafu tu, ambazo nadhani zilikuwa mbao laini. Chini ya shubaka kuna jiwe la msingi, si sakafu.

Jambo lililonishangaza liko nje. Nilipima kwa kamba ya maji kutoka dirishani, nikakuta udongo wa upande wa mlima uko juu ya sakafu yetu ya ndani kwa sentimita 45. Nakumbuka tulipobadilisha bati tulirundika kifusi pale tukasema tutakiondoa. Juu yake kuna jabali kubwa, na mvua ikinyesha maji yote ya jabali hilo yanateremka kuelekea ukutani. Bati lenyewe halina mfereji upande huo.

MzeeWaMwiko

Basi umekwisha kujijibu. Jabali la itale halinywi hata tone, kila kinachonyesha juu yake kinateremka, na nyinyi mmekiwekea bwawa kwenye ukuta wa mama. Hata ungepiga plasta ya dhahabu ingebanduka.

Ondoa kifusi na udongo mpaka uso wa ardhi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau, 20 ni bora zaidi. Chimba kwa vipande vya mita moja au moja na nusu, usiufungue ukuta wote kwa siku moja, na usiteremke chini ya kitako cha msingi kwa sababu yoyote. Upe uso wa ardhi mteremko wa kutoka ukutani, kisha chimba mtaro wa kuyapokea maji ya jabali kabla hayajafika nyumbani, uyapeleke kando mpaka yapite pembe ya nyumba. Hakikisha hayamwendei jirani wa chini. Ugomvi wa maji mlimani hauishi. Weka mfereji wa bati na bomba la kuteremshia.

Kisha subiri. Waashi wa zamani walikadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene wa ukuta, na ukuta wako ni inchi 20. Sisemi ungoje miezi ishirini. Masika ikishapita, acha madirisha wazi Juni yote, anza kulaza tofali Julai, umalize plasta kabla mvua za vuli hazijarudi. Unyevu uliobaki utatoka wenyewe kupitia chokaa, na hiyo ndiyo faida yake.

Kwa chokaa, nunua mfuko mpya ambao haujapata hewa, kwani chokaa iliyokaa wazi imekwisha kunywa hewa ya ukaa na haiwezi tena kushika. Mfuko wenye mabonge magumu uurudishe dukani. Kijana ana haki kwamba nyingine husagwa kwa ajili ya kupaka tu, kwa hiyo mwulize muuzaji chokaa ya ujenzi, na ujaribu kipande kidogo ukutani kabla ya kufanya kazi yote. Ilaze ndani ya maji angalau usiku kucha mpaka iwe kama uji mzito. Vaa miwani na glovu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na dawa ya kwanza ni kuliosha kwa maji safi mengi kwa robo saa bila kukoma, ndipo uende hospitali.

Ukubwa wa sehemu ya kupigwa plasta ni mita za mraba 2 na kidogo. Kwa unene wa milimita 25 kwa jumla, ndoo tatu za lita 20 za mchanga na ndoo moja ya chokaa zitatosha. Tabaka lisizidi milimita 10 hadi 12 kwa mara moja. Likwaruze kwa msumari likiwa bado bichi, lifunike kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa yasiyogusa plasta, ulinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku tano au zaidi, na usipige linalofuata mpaka kidole gumba kisiache alama. Upepo wa ziwani wa alasiri ndio adui, kwa hiyo funga dirisha la upande huo. Pale tofali zinapokutana na mawe, bandika wavu mwembamba wa plastiki ndani ya tabaka la kwanza, sentimita 15 kila upande, kwa sababu tofali inakunywa na jiwe halinywi, nao ufa hupenda kuanzia hapo. Tabaka la mwisho usilipige jioni taa zikiwa zimewashwa. Wadudu wa ziwani watakuja kwa maelfu, na utakuwa na plasta yenye mabawa.

Vumbi jeupe la chokaa analolalamikia kijana huja pale plasta ilipokauka haraka. Ikikauka polepole haiachi alama kwenye shuka.

KijanaWaNyakato

Nimekuelewa mzee, hasa kuhusu maji ya nje. Mimi kwa kawaida hukabidhiwa chumba, siendi kutazama nyuma ya nyumba. Swali langu ni moja: kama kichwa cha kitanda hakizidi sentimita 80, kuna haja gani ya kuliziba shubaka lote?

MzeeWaMwiko

Hakuna. Ukiziba mpaka sentimita 80 uzito unashuka hadi karibu tani 0.33, wala hugusi lenta wala mwanya wa juu. Tofali za juu kabisa zilaze kwa upana, uzifunike kwa ubao mgumu au jiwe bapa, usipige plasta hapo, kwa kuwa kitu kitawekwa na kugongwa kila siku.

MjukuuWaIsamilo

Narudi kutoa taarifa baada ya miezi mitano, na samahani kwa ukimya.

Tulitoa udongo wa nje kwa wiki mbili, tukiwa watu watatu na toroli moja, na mtaro umepitisha mvua za kwanza za vuli bila maji kusimama popote. Tuliziba sentimita 80 za chini na kuacha juu shubaka la kimo cha sentimita 110. Tabaka la kwanza la plasta lilipasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui, kwa sababu niliondoa magunia siku ya tatu nikienda msibani na hakuna aliyeyarudisha. Fundi alilikwangua tukarudia. La pili na la tatu yako salama, na ukiligonga halina sauti ya utupu. Kwenye maungio ya jiwe na tofali kuna mstari mmoja mwembamba wa urefu wa kiganja, ambao haujakua tangu Septemba.

Bado sijapaka rangi. Muuzaji wa hapa anasisitiza rangi ya mafuta ili mama aweze kuufuta ukuta kwa kitambaa.

MzeeWaMwiko

Rangi ya mafuta itakurudisha pale ulipoanzia, itaufunga ukuta. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, kila mara ukuta ukiwa na unyevu kidogo na tabaka lililotangulia likiwa limekauka. Ukitaka rangi, changanya udongo mwekundu uliochekechwa, kidogo tu. Mstari ule wa maungio ujaze kwa chokaa hiyohiyo kwa brashi, na kitanda ukiache sentimita 5 mbali na ukuta hadi kiangazi kijacho.

MjukuuWaIsamilo

Nitafanya hivyo. Mama amekwisha kuweka taa na Biblia yake kwenye shubaka, na amesema tusiguse tena.